MAZUNGUMZO: USALAMA WA MPIGA MAKASIA HUANZA UFUKWENI



Mtu aliyekulia kisiwani hahitaji kufundishwa kwamba maji hujaa na kupwa, wala kwamba bamvua si sawa na maji mafu. Hata hivyo, katika nchi tajiri na katika nchi maskini, watu walioyazoea maji kwa miaka mingi huendelea kupoteza maisha ndani ya maji hayo hayo. Mara nyingi sababu si kutoyajua maji. Sababu ni uamuzi uliopitishwa kwa haraka nchi kavu, au uamuzi ambao haukupitishwa kabisa. Mazungumzo haya yanaeleza kanuni za usalama wanazozifuata wanachama wa klabu za makasia katika Mto Thames, mjini London, Uingereza, na kuonyesha ni zipi kati ya kanuni hizo zinazowahusu wakaazi wa visiwa hivi, wawe ni wavuvi, vijana wa resi za ngalawa au abiria wa kawaida.

MTO UNAOJAA NA KUPWA

Mji wa London uko mbali na bahari, lakini mto wake hupokea maji ya bahari mara mbili kila siku, mpaka sehemu iitwayo Teddington, magharibi ya mji. Penye Daraja la London, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufika mita 7. Katika pwani ya Unguja tofauti hiyo hukaribia mita 4. Kwa hivyo mpiga makasia wa London na mvuvi wa Nungwi wana mwalimu mmoja, naye ni mkondo wa maji.

Makasia katika mto huo ni jambo la kale. Tangu mwaka 1715 vijana wanaojifunza kazi ya kuvusha watu kwa mashua wamekuwa wakishindania koti na beji iliyowekwa na mchezaji wa tamthilia Thomas Doggett. Mwaka 1829 vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilianza mashindano yao, ambayo siku hizi kwa kawaida hufanyika baina ya Putney na Mortlake, masafa ya kilomita 6.8, wakati maji yanapojaa. Mbali na mabingwa hao, wapo wanachama wengi wa klabu ambao ni wanafunzi wa skuli, wafanyakazi wa ofisini na wastaafu, wanaotoka alfajiri kabla ya saa za kazi au jioni baada ya kazi. Kanuni zimewekwa kwa ajili ya watu wa kawaida kama hao. Msimamizi wa mto ni Mamlaka ya Bandari ya London, iliyoanzishwa mwaka 1909, na klabu nazo hufuata mwongozo wa chama cha taifa cha mchezo huo, British Rowing.

CHOMBO CHENYEWE

Mashua ya mashindano ya watu wanane ina urefu wa mita 17 hivi, lakini uzito mdogo kabisa unaoruhusiwa katika mashindano ya kimataifa ni kilo 96 tu. Ni chombo chembamba, chepesi na chenye kingo fupi juu ya maji. Tena, wapigaji makasia hukaa wakiipa mgongo njia wanayoiendea. Katika mashua ya wanane anayeangalia mbele ni mshika usukani peke yake. Katika mashua ya mtu mmoja hakuna mshika usukani, na mpigaji hulazimika kugeuza shingo yake kila baada ya mapigo machache.

Kutokana na hali hiyo, kila mashua hukaguliwa kabla ya kushushwa majini. Kwenye ncha ya omo lazima pawe na mpira mweupe wenye upana usiopungua sentimita 4, ili ncha hiyo isije ikamchoma mtu panapotokea mgongano. Viatu vilivyofungwa ndani ya mashua lazima viweze kuvuka kwa wepesi, na visigino vyake hufungwa kwa kamba isiyoruhusu kuinuka sana, ili mashua ikipinduka miguu ichomoke yenyewe. Mshika usukani huvaa jaketi la kuokolea maisha wakati wote. Zipo mashua ambazo mshika usukani hulala ndani ya omo, na huyo hakatazwi jaketi, bali hukatazwa lile linalojijaza upepo lenyewe likiguswa na maji, kwa sababu likijaa akiwa bado ndani litamkwamisha humo humo. Hapa pana funzo: kifaa cha kuokolea kisichofaa kwa pahala pake huweza kuwa mtego.

KABLA YA KUTOKA

Sehemu kubwa ya kanuni za Thames hutimizwa mtu akiwa bado miguu mikavu. Kiongozi wa safari husoma jedwali la maji kujaa na kupwa, huangalia utabiri wa hali ya hewa, na hulinganisha mwelekeo wa upepo na mwelekeo wa mkondo. Upepo ukija kinyume na mkondo, mawimbi huwa mafupi na makali, na mashua yenye kingo fupi hujaa maji kwa muda mchache. Mwaka 1912, katika mashindano ya Oxford na Cambridge, upepo ulikuwa mkali kiasi ambacho mashua ya Cambridge ilizama na ile ya Oxford ikajaa maji, ikabidi iende ukingoni kumwagwa. Mashindano yalirudiwa siku nyengine. Oxford walizama tena mwaka 1925 na mwaka 1951, na Cambridge mwaka 1978. Hao walikuwa vijana wenye nguvu na mafunzo ya miezi mingi. Walisalimika kwa kuwa walikuwa wakifuatwa na vyombo vyengine nyuma yao. Mwanachama anayetoka peke yake alfajiri hana msafara huo.

Mvua kubwa ikinyesha bara, maji ya mto huongezeka na mkondo wa kupwa huzidi nguvu. Juu ya Teddington, msimamizi wa mto huweka vibao penye malango ya maji: vya manjano kutahadharisha kwamba mkondo unaongezeka au unapungua, na vyekundu kuonyesha kwamba mkondo ni mkali na vyombo visitoke. Ngurumo zikisikika, mashua hazishushwi, na husubiriwa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ukungu ukishuka, hali ni hiyo hiyo.

Mambo matatu mengine hufanywa ufukweni. La kwanza, majina ya wanaotoka, saa ya kuondoka, pahala wanapokwenda na saa ya kurejea huandikwa katika daftari, ili wasiporejea ijulikane nani atafutwe na wapi. La pili, mwanachama hupimwa kuogelea, na kiwango kinachoshauriwa ni kuweza kuogelea mita 50 akiwa na nguo nyepesi. La tatu, kila klabu huwa na mshauri wa usalama. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na juu ya maji amri huwa ya mtu mmoja. Lakini kabla ya kutoka, mwanachama yeyote, hata aliye mdogo kuliko wote, anayo haki ya kusema kwamba hali si nzuri, na haki hiyo huheshimiwa.

NJIANI

Kanuni ya jumla ya mto ni kushika upande wa kulia. Baina ya Putney na Kew kuna utaratibu wake mahsusi: anayekwenda pamoja na mkondo hushika katikati ya mto, kwa upande wake wa kulia, na anayekwenda kinyume na mkondo hukaa karibu na ukingo, ambako maji yametulia. Kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi mwengine hufanywa pahala palipowekwa tu. Kwa utaratibu huo watu ambao hawaoni mbele yao huweza kupishana salama, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi.

Wapiga makasia hujifunza pia lugha ya honi za vyombo vikubwa. Mlio mfupi mmoja maana yake chombo kinageukia kulia. Miwili, kinageukia kushoto. Mitatu, injini zake zinarudi nyuma. Milio mifupi mitano au zaidi maana yake nahodha haelewi mwenzake anakusudia nini, na hapo mwenye chombo kidogo huondoka njiani bila ya kuchelewa. Milio hiyo si ya London peke yake. Imo katika kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, na mwenye mtumbwi katika Bandari ya Malindi akiisikia, maana yake ni ile ile.

Penye madaraja, tao lililofungwa huonyeshwa kwa alama tatu nyekundu. Tao ambalo nafasi yake ya kupita chini imepunguzwa kwa sababu ya matengenezo hutundikwa kicha cha majani makavu mchana na taa nyeupe usiku. Kicha hicho ni desturi ya zamani iliyobakia kuwa sheria, kwa sababu kila mtu wa mtoni anaielewa.

Kiza kikiingia, mashua huwashwa taa mbele na nyuma. Umuhimu wa kuonekana na wa kuangalia ulithibitika kwa msiba usiku wa tarehe 20 Agosti, 1989, pale chombo cha starehe Marchioness kilipogongwa katikati ya London na meli ya kuchotea mchanga, Bowbelle, wakafa watu 51. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika vyombo vyote viwili hapakuwa na uangalizi wa kutosha. Baadaye, mwaka 2002, taasisi ya uokozi ya RNLI iliweka vituo vya mashua za kuokolea maisha katika mto huo, kimojawapo kikiwa Chiswick, kwenye sehemu yenye klabu nyingi za makasia.

AJALI INAPOTOKEA

Ndugu Wananchi, kanuni iliyo muhimu kuliko zote kwa aliyekwisha kuanguka majini ni fupi: usikiache chombo.

Mwezi wa Disemba, 2000, wanafunzi wa Oxford walikwenda Hispania kufanya mazoezi katika Mto Ebro. Upepo ulivuma kwa nguvu na mashua yao ya watu wanane ikajaa maji. Mmoja wao, kijana wa miaka 21, alikufa maji alipokuwa akijaribu kuogelea kuufikia ukingo. Alikuwa mwanamichezo mwenye afya, na ukingo ulikuwa ukionekana. Lakini ukingo unaoonekana karibu na mtu aliyekaa ndani ya mashua huwa mbali kwa mtu aliye ndani ya maji baridi, yenye mawimbi, akiwa na nguo mwilini.

Ilijulikana kwamba mashua ile ikishajaa maji haikuweza kuwabeba watu wake juu ya maji kama inavyotakiwa. Wazazi wa kijana huyo hawakunyamaza. Kwa miaka kadhaa walidai kwamba sehemu zilizo chini ya viti vya mashua zizibwe zisiingie maji, ili mashua iliyojaa iendelee kuelea pamoja na watu wake. Siku hizi jambo hilo limekubaliwa, na mashua mpya hutengenezwa kwa kulizingatia. Kanuni ya kushikamana na chombo ina maana pale tu ambapo chombo chenyewe kinaelea, na kwa hivyo mtengenezaji naye anayo sehemu yake katika usalama.

Mashua ikipinduka, hatua zinazofuatwa ni hizi. Kwanza, kila mtu hutaja namba ya kiti chake kwa sauti, kuanzia omo hadi tezi, ili ijulikane kama yupo asiyeonekana. Pili, wote hushika mashua, na kila mmoja humwangalia mwenzake. Tatu, huinua kifua juu ya mgongo wa mashua, kwa sababu maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa. Nne, hupiga filimbi au kelele, huonyesha mkono na kusubiri msaada, au kuisukuma mashua polepole kuelekea ukingoni ikiwa inawezekana.

Wakati wa baridi maji ya Thames hushuka mpaka karibu nyuzi 5. Mtu akiingia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15, pumzi humkatika na hutweta bila ya hiari yake. Akitweta huku uso wake uko chini ya maji, huvuta maji. Kwa hivyo hufundishwa kwamba katika dakika ya mwanzo asishindane na maji, bali alale chali na aelee mpaka pumzi itulie, ndipo afanye jambo jengine. Maji ya visiwa hivi ni ya vuguvugu na hayaui kwa namna hiyo, lakini funzo la kuelea kabla ya kuogelea linafaa kwengine kote, kwa kuwa fazaa na uchovu havichagui nchi.

BAADA YA KURUDI

Usalama hauishii gatini. Aliyekatika ngozi hufunika jeraha kabla ya kutoka, na kila mtu huosha mikono kabla ya kula, kwa sababu mkojo wa panya huweza kutia katika maji ya mto vijidudu vya homa ya mgunda. Andy Holmes, aliyepata medali za dhahabu za makasia katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984 na mwaka 1988, alifariki mwezi wa Oktoba, 2010, na ugonjwa uliotajwa ni huo. Hapa Tanzania homa hiyo ilizuka Mkoani Lindi mwaka 2022.

Aidha, klabu hutakiwa kuandika taarifa ya kila ajali, pamoja na zile ambazo zilikuwa karibu kutokea zikaepukwa. Taarifa hizo haziandikwi ili mtu aaibishwe. Huandikwa kwa sababu jambo lililomkosa mmoja leo kwa shibri moja huweza kumpata mwengine kesho.

YANAYOVIHUSU VISIWA HIVI

Visiwa hivi havina mito kama Thames, lakini vinajua gharama ya uamuzi mbaya wa ufukweni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Walikuwapo waliouona ujazo ule kabla meli haijang'oa nanga. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado zinahesabu waliopotea usiku ule, na hapana haja ya kuwasimulia wenyewe msiba wao. Inatosha kusema kwamba bahari ilikuja mwisho. Kilichotangulia ni ruhusa ya kuondoka.

Kwa hivyo, kati ya kanuni zilizoelezwa, zipo ambazo mwenye mtumbwi, ngalawa au mashua anaweza kuzifuata kuanzia leo bila ya gharama kubwa:

1. Amwambie mtu aliyebaki nyumbani anakwenda wapi, yuko na nani, na saa ngapi arejewe kutafutwa ikiwa hajaonekana. Daftari la klabu ya London halina siri zaidi ya hiyo.

2. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutoka, na aulinganishe na mkondo anaoujua yeye mwenyewe.

3. Awe na tochi usiku. Kanuni za kimataifa zinamruhusu mwenye chombo cha makasia kutokuwa na taa za meli, lakini zinamtaka awe na taa nyeupe tayari mkononi, ya kuonyesha mapema ili asigongwe.

4. Ahesabu watu wake wanapoingia chomboni na wanaposhuka, na asipakie zaidi ya uwezo wa chombo, hata kama aliyebaki ufukweni ni jamaa yake.

5. Chombo kikipinduka, wote washikamane nacho. Asiondoke mtu kuogelea peke yake kwa kuwa ameona minazi ya pwani.

6. Ajali ikitokea, habari ifikishwe haraka kwa sheha, polisi au KMKM, na asisubiriwe mkubwa fulani kwanza ndipo itolewe.

Liko jambo la saba, ambalo halinunuliwi dukani. Anaposimama mtu ufukweni, awe ni kijana, mwanamke au mzee, akasema kwamba leo chombo kisitoke, asichekwe wala asiitwe mwoga. Upepo ukitulia na maji yakawa shwari, watu watakuwa wamepoteza asubuhi moja tu, na samaki wa kesho wapo. Na ikiwa maneno yake yalikuwa ya kweli, jioni kila mmoja atakuwa amerejea kwa watoto wake, na huenda asijue kamwe kwamba alikuwa ameokolewa. Tahadhari ni kabla ya hatari, na pahala pake ni hapo mchangani, chombo kikiwa bado kimeegeshwa.